Mbwa wa nyumbani na ugonjwa wa usingizi: damu yake inapimwaje?

Akina mama, mbwa analinda nyumba zetu na kufuata watoto mtoni. Kule Isangi na Opala anaingia msituni na wawindaji, kengele ya mti shingoni. Huko kote mbung'o anaweza kumwuma. Mbung'o ndiye anayeleta ugonjwa wa usingizi kwa watu, na mbwa naye hupata vimelea vya jamii hiyo, vinavyoitwa tripanosoma.

Mbwa aliyeambukizwa anapata homa inayokwenda na kurudi. Anakonda, ufizi unapauka kwa kupungukiwa damu, tezi zinavimba, na mara nyingi macho yanafunikwa na ukungu mweupe au wa buluu. Wengine wanasema amezeeka au amelogwa. Wengine wanampa dawa ya minyoo. Dawa hiyo haitamponya, kwa sababu vimelea hivi vinaishi katika damu.

Vipimo vilivyopo

Cha kwanza ni tone la damu chini ya mikroskopi: vimelea vinaonekana vikijipinda-pinda kati ya chembe. Vikiwa vichache havionekani, kwa hiyo damu inazungushwa kwa mashine katika kijibomba chembamba ili vikusanyike mahali pamoja.

Mwaka 1978, watafiti wa Chuo cha Tiba ya Kitropiki cha Antwerpen, Ubelgiji, walitoa kipimo cha kadi kwa ajili ya watu, kinachoitwa CATT. Vimelea vilivyokaushwa na kutiwa rangi ya buluu vinachanganywa na damu, na kadi inazungushwa dakika 5. Mwili ukiwa umeshatengeneza askari wa kupigana na ugonjwa, vimelea vinashikana vidonge vidonge. Kadi hiyo ilisaidia sana timu zinazozunguka vijijini. Mwaka 1998 Kongo iliandikisha wagonjwa wapya zaidi ya 26,000. Miaka hii hawafiki 1,000 kwa mwaka.

Kwa nini kadi hiyo haitoshi kwa mbwa?

Mbwa anapata pia tripanosoma za aina nyingine, zisizomdhuru mtu. Askari wa damu wanafanana, na kadi inaweza kudanganya. Tena askari hao wanabaki hata baada ya mbwa kupona. Ndiyo maana watafiti wanatafuta alama ya urithi iliyo katika kimelea cha watu peke yake. Lakini kipimo hicho kinadai mashine na umeme, vitu vinavyokosekana vijijini.

Kazi hii inatuhusu. Shirika la Afya Duniani linataka maambukizi ya aina hii ya ugonjwa kwa watu yakatike kufikia 2030, na kimelea cha watu kimeshakutwa katika nguruwe na mbwa.

Tufanye nini?

Mbwa akiwa na dalili hizo, mwite daktari wa wanyama na umwombe apime damu. Usimfukuze wala kumwua: kumgusa hakuambukizi. Ugonjwa wake unakuonya kwamba mbung'o yuko karibu, pengine pale tunapoloweka mihogo na kuteka maji.

Mtoto au mtu mzima mwenye homa isiyokwisha, kichwa kinachouma, tezi za shingo zilizovimba au usingizi wa mchana, apelekwe kituo cha afya apimwe. Dawa za ugonjwa huu zinatolewa bure, na tangu mwisho wa 2018 Kongo imekubali vidonge vya feksinidazoli, vinavyomezwa siku 10. Mama anayewahi anaokoa nyumba yake.