Chuo kikuu kina deni kwa jirani zake

WAHENGA walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Elimu nayo ikikaa mbali na watu haiponyi mgonjwa wala haisafishi kisima. Je, kijana anapoingia chuo kikuu, mtaa wake hupata nini zaidi ya picha za mahafali?

Swali hilo lina uzito mtaani Majengo, kisiwani Mombasa. Si mbali na hapo, upande wa Tudor, ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Chuo hicho kilizaliwa kwa michango. Serikali ya Uingereza, Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora walitoa fedha, na sheikh mmoja akatoa ardhi. Mwaka 1951 wanafunzi wa kwanza waliingia MIOME, kama kilivyoitwa wakati huo, kuwafunza vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki kazi za ufundi. Baada ya uhuru kilipokea vijana wa jamii zote. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu kamili.

Kilichojengwa kwa mkono wa jamii kina deni kwa jamii. Lakini deni hilo hulipwa vipi?

Mfano mzuri uko Eldoret. Kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Moi kilipoanza mwaka 1990, kiliamua kwamba wanafunzi wasingoje kumaliza masomo ndipo waone wagonjwa vijijini. Hupelekwa kwenye vituo vya afya vya mashambani, wakaingia nyumba hadi nyumba, wakauliza maji yanatoka wapi na choo kiko wapi. Kazi hiyo ni sehemu ya masomo, na hutahiniwa. Hapo mwanafunzi hutambua kwamba dawa pekee haitoshi, iwapo mtoto atarudi nyumbani kunywa maji yale yale.

Hata hivyo, kulazimisha bila kutazama hali za watu huzua madhara. Azimio la Musoma la mwaka 1974 nchini Tanzania lilitaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu. Nia ilikuwa njema, lakini idadi ya wasichana chuoni ikashuka, na baada ya muda mfupi ikabidi wao walegezewe sharti hilo.

Turudi Majengo. Mombasa hutegemea maji ya mbali, kama yale ya chemchemi za Mzima, na mifereji inapokauka watu hukimbilia visima na mikokoteni ya madumu. Katika mitaa iliyosongamana, kisima na shimo la choo huenda vikawa hatua chache tu. Maji yakawa maangavu, na bado yakabeba vijidudu vya kuhara.

Kupima maji hayo si kazi ya miujiza. Chupa safi, maabara, na siku moja au mbili za kusubiri vijidudu viote, hutosha kuonyesha kama kinyesi kimeingia kisimani. Mwanafunzi anayeifanya kazi hiyo hujifunza sayansi yake. Mama wa nyumba naye hujua kama achemshe maji au atie dawa.

Ila kuna sharti moja: jibu lirudishwe. Wakazi wa mitaa kama hii huchoka kuulizwa maswali na watu wenye karatasi ambao hawaonekani tena. Utafiti unaoishia kabatini humpa mwanafunzi alama tu, na humwacha jirani na kiu yake.

Enyi wanafunzi, mkimaliza kazi nendeni barazani mkawaeleze wazee na akina mama mlichokipata, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Nanyi wazazi, wapokeeni na muwaulize maswali magumu. Deni hili halilipwi kwa kufagia barabara siku moja kwa mwaka na kupigwa picha.