Maambukizi sugu ya bakteria kwa wazee hospitalini

Maambukizi sugu ya bakteria kwa wazee hospitalini ni magonjwa yanayowapata wagonjwa wa umri mkubwa wakiwa wamelazwa, na yanayosababishwa na bakteria ambao hawauawi tena na antibiotiki za kawaida. Ni sehemu ya tatizo pana la usugu wa vimelea dhidi ya dawa, linaloitwa nchini Tanzania kwa kifupi UVIDA.

Kinachokuwa sugu ni bakteria, si mwili wa mgonjwa. Kwa hiyo hata mzee aliyetumia dawa mara chache maishani anaweza kupata bakteria sugu kutoka kitanda cha jirani, wakiletwa na mikono ya anayemhudumia.

Historia

Alexander Fleming aligundua penisilini mjini London mwaka 1928. Alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba kutumia dawa hiyo kwa kiasi kidogo mno kungewazoesha vijidudu kuihimili. Muda si mrefu, bakteria wengi aina ya Staphylococcus aureus katika hospitali walikuwa wakitengeneza kimeng'enya cha kuiharibu penisilini. Mwaka 1959 ilitolewa methisilini, dawa isiyoharibiwa na kimeng'enya hicho, lakini kufikia mwaka 1961 bakteria walioishinda waliripotiwa nchini Uingereza. Bakteria hao hujulikana kimataifa kwa kifupi MRSA.

Jinsi usugu unavyotokea

Bakteria huzaana upesi, na jeni zao hubadilika mara kwa mara. Antibiotiki inapotumika, walio dhaifu hufa na wachache wenye uwezo wa kuihimili hubaki na kuongezeka. Baadhi yao hupeana jeni za usugu kupitia vipande vya DNA vinavyoitwa plazmidi, hata kati ya spishi tofauti. Klebsiella pneumoniae, kwa mfano, huweza kupata kwa njia hiyo uwezo wa kushinda karbapenemi, ambazo kwa kawaida huwekwa akiba kwa wagonjwa mahututi.

Kwa nini wazee huathirika zaidi

Kinga ya mwili hupungua kadiri umri unavyoongezeka, na wazee wengi wana pia kisukari, ugonjwa wa moyo au wa figo. Ngozi yao ni nyembamba, na anayelala muda mrefu bila kugeuzwa hupata vidonda vya mgandamizo. Mpira wa mkojo, sindano ya dripu na mrija wa kupumulia huwapa bakteria njia ya kuingia mwilini. Aidha, wazee hulazwa mara nyingi, hukaa wodini siku nyingi na hupewa antibiotiki nyingi.

Kati ya miaka 1990 na 2021 vifo vilivyotokana na usugu wa bakteria duniani vilipungua kwa zaidi ya nusu miongoni mwa watoto wa chini ya miaka 5, lakini viliongezeka kwa zaidi ya asilimia 80 miongoni mwa watu wa miaka 70 na kuendelea.

Dalili na utambuzi

Maambukizi ya kawaida ni nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, ya vidonda na ya damu. Mzee anaweza kuugua sana bila kuwa na homa. Mara nyingine dalili za kwanza ni kuchanganyikiwa ghafla, kukataa chakula, kulegea au kuanguka. Mabadiliko hayo yakichukuliwa kuwa uzee tu, matibabu huchelewa.

Ili kujua dawa ifaayo, damu, mkojo, makohozi au usaha huoteshwa maabara, kisha bakteria hujaribiwa kwa dawa mbalimbali. Hata hivyo, kuwepo kwa bakteria kwenye mkojo hakumaanishi ugonjwa kila mara. Wazee wengi wanao bila dalili yoyote, na kwa kawaida hawahitaji antibiotiki.

Tiba

MRSA hutibiwa kwa dawa kama vankomisini. Baadhi ya dawa za akiba huweza kudhuru figo, na kwa kuwa figo za mzee huwa zimepungua nguvu, kipimo cha dawa hurekebishwa na damu yake hupimwa mara kwa mara.

Kinga

Njia kuu ni kunawa mikono kwa sabuni au kutumia kitakasa mikono kabla na baada ya kumgusa mgonjwa. Katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki ndugu ndio wanaomlisha na kumwogesha mgonjwa, hivyo jambo hilo linawahusu pia. Mipira na mirija iondolewe mara isipohitajika tena, mgonjwa ageuzwe, na antibiotiki zitolewe kwa aliyethibitika au kushukiwa kwa sababu za msingi kuzihitaji.

Uingereza imeonyesha kwamba tatizo linaweza kupunguzwa. Tangu mwaka 2001 hospitali za England zililazimika kuripoti kila ugonjwa wa damu uliosababishwa na MRSA. Mwaka 2004 serikali iliagiza idadi hiyo ipunguzwe kwa nusu kufikia mwaka 2008. Unawaji mikono, uangalizi wa mirija na usafi wa wodi vilikazwa. Wagonjwa waliokuwa zaidi ya 7,000 kwa mwaka walipungua hadi chini ya 1,000 katika miaka kumi hivi, ingawa bakteria wenyewe hawakutoweka.