Sabufa kubwa, sebule ndogo: mnahitaji besi kiasi gani?

Kuna mambo matatu wanandoa wapya huyagombania kabla hata hawajamaliza deni la harusi: rangi ya makochi, nani anashika rimoti, na ukubwa wa sabufa. Makochi yana wenyewe. Rimoti imetushinda wote. Leo tuongelee sabufa.

Chukulia wanandoa vijana waliopanga Usoke, kile kituo cha Reli ya Kati ukitoka Tabora kuelekea Urambo na Kigoma. Mume mwalimu, mke nesi. Wana chumba na sebule, ukuta mmoja wanagawana na jirani, juu ni bati, dari hakuna. Malipo ya tumbaku yakitoka mji unachangamka, na wenye maduka ya vifaa vya umeme wanatoa spika barazani na kuachia mziki mpaka watu wanasalimiana kwa mikono. Bwana anapita, kifua kinamtikisika, anarudi nyumbani na wazo moja tu kichwani. Bibie naye ana lake: tamthilia ya usiku asikie wanachosema, mtoto asiamke, na asubuhi aweze kumsalimia jirani bila kuangalia chini.

Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Na si ugomvi mdogo, maana hela ya sabufa la maana ndiyo hiyo hiyo mngeweza kufungia dari.

Wati za kwenye boksi

Kwanza tuelewane jina. Huku kwetu seti nzima tunaiita sabufa, wakati sabufa yenyewe ni lile boksi zito linalokaa chini na kutoa sauti nene peke yake. Vispika vidogo vya pembeni ndivyo vinavyobeba maneno, gitaa, filimbi na kilio cha mhusika. Kununua seti kwa kuangalia ukubwa wa lile boksi ni sawa na kuchagua mchumba kwa kuangalia viatu.

Halafu kuna zile namba. Boksi limeandikwa wati elfu kadhaa, na pembeni herufi nne: PMPO. Jamani, hizo zipuuze. Ni namba ya kibiashara, haina kipimo kimoja kinachokubalika, kila kiwanda kinajipigia hesabu yake. Tafuta herufi tatu, RMS, hizo ndizo wati ambazo spika inaweza kuzitoa muda wote. Zisipoandikwa, geuza mashine usome kibandiko cha nyuma, pale penye matumizi ya umeme. Kama inakula wati 60 kutoka ukutani, haiwezi kukutolea wati elfu za mziki muda wote, hata muuzaji aape kwa jina la bibi yake.

Na hata hizo za kweli zina mambo yake. Wati zikizidishwa mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio linakitambua kwa shida. Ili usikie kama sauti imekuwa kubwa mara mbili unahitaji wati mara kumi hivi. Kwa hiyo anayekuambia uongeze laki moja utoke wati 40 uende 80, mshukuru, kisha kanunue mapazia.

Kinachohesabika zaidi kwenye besi ni upana wa koni, maana besi ni kazi ya kusukuma hewa. Koni ya inchi 8 ina eneo karibu mara moja na nusu ya ile ya inchi 6 na nusu. Kwa sebule ndogo ya kupanga mimi nasema inchi 6 na nusu au 8 inatosha kabisa. Inchi 10 iwe ya wenye sebule ya mita 4 kwa 5 na kuendelea, nyumba inayojitegemea. Inchi 12 tuwaachie wenye kumbi.

Kumi kwa kumi

Sasa tuje kwenye siri yenyewe, ambayo wauza maduka hawakuambii: besi unayoisikia ni ya chumba kuliko ya spika.

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Sauti nene ya herzi 56 ina wimbi la mita 6 hivi, yaani mara mbili kamili ya upana wa chumba chetu kile cha futi kumi kwa kumi. Wimbi likigonga ukuta na kurudi linajikuta lenyewe njiani, linajijenga. Na kwa kuwa urefu na upana wa chumba ni sawa, kuta zote nne zinakuza sauti hiyo hiyo moja. Waya wa A wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa herzi 55. Weka wimbo wowote wa zamani wa Tabora Jazz au Nyanyembe Jazz, mpiga besi akipita hapo chumba kizima kinavuma, akihama noti mbili tatu anapotea kama kaenda msalani. Watu wanadhani sabufa ni bovu. Sabufa ni zima, chumba ndicho kinachoimba.

La ajabu zaidi, sauti hiyo haigawanywi sawa. Ukutani inajazana, katikati ya chumba inapungua sana. Sasa jiulize sebuleni kwako nani anakaa wapi. Baba mwenye nyumba kavuta kiti katikati, mbele ya runinga. Mama kaegemea kochi la ukutani na mtoto. Yeye anasikia besi kiduchu, anaongeza. Mwenzake kichwa kinagonga, anaomba apunguze. Kila mmoja anaona mwenzake ana visa, kumbe wote wawili wanasema kweli, wanasikia vitu viwili tofauti ndani ya chumba kimoja! Kabla hamjanuniana, badilishaneni viti kwa wimbo mmoja.

Na jirani? Yeye ndiye anayepata shida kuliko wote. Ukuta wa tofali unazuia maneno vizuri, besi hauiwezi. Ngoma na baragumu zilisindikiza misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji enzi za wapagazi, na ukitaka kujua ipi inafika mbali, muulize anayelala nyumba ya pili na penye harusi: mashairi hayasikii, mdundo anao mpaka alfajiri. Kwa taarifa yako, kanuni za mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira zinagusa kelele na mitetemo pia. Lakini mambo yasifike huko kwa watu mnaoazimana chumvi.

Kuset

Sabufa usilisukumie kona. Kona inakuza besi bure, na ni besi ya mvumo. Fanyeni hivi Jumamosi mchana: libebeni liwekeni juu ya kochi mnalokaliaga, wekeni wimbo wenye besi inayotembea, kisha mmoja azunguke chumba akiwa amechuchumaa kando ya kuta. Pale besi inaposikika sawa noti zote, si pale inaponguruma zaidi, ndipo mahali pake. Mtacheka sana, na watoto watawashangaa. Chini yake weka kipande kinene cha sponji au mpira, mtetemo usishuke kwenye sakafu. Bati likilia, kaza misumari. Hakuna kitufe kinachotibu bati.

Kitufe cha besi kianzie katikati, na ukirekebishe kwa sauti mnayosikilizia kila siku. Hapa pana mtego. Tangu mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa Bell Labs kule Marekani, walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo sikio letu linaikosa besi kwanza. Ndiyo maana usiku mtu anaipandisha, kesho mchana anafungulia mziki bila kuirudisha, vikombe vinaanguka kabatini.

Wenye risiva ya spika tano na sabufa, menyu itawauliza kama spika zenu ni 'Large' au 'Small'. Chagueni 'Small', hata kama zinakufika kiunoni. Swali hilo halipimi ubavu wa mtu, linauliza nani abebe besi. Mpaka uwe herzi 80: chini ya hapo kazi ya sabufa, juu ya hapo kazi ya spika. Kwenye filamu maneno mengi hutoka spika ya katikati, hiyo ipandisheni kidogo muone kama bibie ataendelea kulalamika. Na kama mashine ina modi ya usiku, itumieni mtoto akilala: inashusha mabomu na kuinua minong'ono. Ila mvua ya masika ikianza kupiga bati, zimeni tu.

Mkienda kununua, iwe Tabora mjini au Kariakoo (soko lenye jina lililotokana na kikosi cha wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia), nendeni wawili na flashi yenye nyimbo zenu na kipande cha tamthilia. Muombeni muuzaji ashushe besi mpaka mwisho, kisha sikilizeni watu wakiongea. Kama hamwelewi wanachosema, hilo boksi lirudi kwenye rafu.