Mto Chini ya Goti

Mtu mzima aliyepatwa na kiharusi arudipo nyumbani, jamaa zake humlaza chali wakamwekea mto chini ya magoti ili apate raha. Majuma yakipita, huenda goti likakataa kunyooka. Hata nguvu zikianza kurejea mguuni, mgonjwa hawezi kusimama sawasawa. Kumbe ulemavu huu wa pili haukutoka katika ubongo peke yake.

Kila uzi wa msuli umejengwa kwa sehemu ndogo mno ziitwazo sarkomea, zilizofuatana kama pingili za muwa, kila moja ikiwa na urefu wa maikromita 2 hadi 3 tu. Ndani yake nyuzi za aktini na maiosini hupishana, na msuli huvuta kwa nguvu pale tu zinapopishana kwa kadiri. Msuli ukikaa siku nyingi umefupika, mwili hupunguza pingili, hata zilizobaki zirudie urefu unaofaa kwa kazi. Ni marekebisho ya busara, ila yamefuata mkao mbaya.

Mwaka 1972 J.-C. Tabary na wenzake walieleza jinsi walivyofunga miguu ya paka kwa plasta. Msuli wa kigimbi uliofungwa ukiwa umefupika ulipoteza pingili zipatazo asilimia 40. Uliofungwa ukiwa umenyooshwa uliongeza asilimia 19 hivi. Plasta ilipoondolewa, idadi ikarejea katika muda wa majuma machache. Kwa binadamu mambo si mepesi hivyo, kwani kolajeni iliyozunguka msuli nayo hukakamaa, na mfuko wa kiungo husinyaa. Aliyeungua mbele ya kiwiko hukunja mkono kukwepa maumivu, na kovu likikaza huufunga papo hapo; mara nyingi hata mpasuaji huitwa.

Je, kiungo kikivutwa kila siku kitanyooka? Kwa muda mrefu ndivyo ilivyoaminika. Lakini mapitio ya majaribio 49, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kuwa kunyoosha viungo kwa muda usiofikia miezi saba hakuleti nafuu ya maana. Ikumbukwe kwamba paka wale hawakuvutwa na mtu: waliachwa watembee. Ndiyo maana siku hizi mgonjwa wa kiharusi, hali yake ikishatulia, huketishwa na kusimamishwa mapema, na mto ule huondolewa chini ya magoti.