Kasi ya Maji ya Tana na Hesabu ya Binti Yetu



Hesabu ya kalkulasi huwafikia watoto wetu katika kidato cha 4, na hapo husikika mzazi akiuliza, "Itamfaa nini msichana wa Garsen?" Sisi twaona kwamba jibu lapita karibu na nyumba zetu.

Maji ya Mto Tana hushuka kutoka Mlima Kenya na safu za Aberdare, yakatufikia hata siku ambazo kwetu hakuna wingu. Mafuriko ya mwaka 2023 na 2024 hatujayasahau. Aliyesimamisha mti wenye alama ukingoni ana maswali mawili: maji yamefika wapi, nayo yanapanda kwa kasi gani? Swali la pili ndilo kalkulasi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kimo cha maji kwa sentimita ni 2t² + 40, na t ni idadi ya siku. Kanuni ni nyepesi: kipeo huizidisha nambari iliyo mbele, kisha chenyewe hupungua kwa 1. Hivyo 2t² huwa 4t. Ile 40 huondoka, kwani kisichobadilika hakina kasi. Siku ya 3 maji yamefika sentimita 58, yakipanda sentimita 12 kwa siku.

Kizingiti cha nyumba kiko sentimita 130, zimebaki 72. Mwenye kugawanya 72 kwa 12 atasema, "Tuna siku 6." Lakini kasi yenyewe inakua: siku ya 5 ni 20, siku ya 6 ni 24. Maji yatagusa kizingiti kabla ya siku 4 kutimia. Siku mbili alizojihesabia bure ndizo za kuvusha wazee, watoto, mbuzi na magunia ya nafaka.

Mto wa kweli haufuati mlinganyo mmoja, kwa kuwa mvua hubadilika, na mabwawa ya juu, kuanzia Masinga hadi Kiambere, yakijaa huachia maji. Hata hivyo, kila mama aweza kusoma alama kila asubuhi na kutoa ya jana katika ya leo. Tofauti ikizidi kukua, asingoje.

Wala elimu hii haina asili ngeni kwetu. Jina la aljebra limetokana na kitabu cha al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya 9. Na kwa aljebra hiyo Newton na Leibniz waliijenga kalkulasi katika karne ya 17.

Basi binti afunguapo daftari jioni, tumpunguzie kazi za jikoni, naye kaka yake ateke maji.

Wabillahi tawfiq.