Dakota ni Form, Boeing ni ya Watoi

Oya msee wangu, wacha tubonge ukweli kabla stima ipotee. Kama uko kwa virtual airline na bado unapeleka Boeing 737 Nairobi–Mombasa kila jioni, autopailoti imeshika, wewe uko TikTok, basi wewe si rubani. Wewe ni pasenja amekalia kiti ya mbele.

Form ya sai ni chuma za kitambo. Dakota. DC-3. Hiyo machine ilipaa mara ya kwanza 17 Desemba 1935. Injini mbili za Pratt & Whitney, kila moja silinda 14, farasi 1,200 upande huu, 1,200 upande ule. Imepark mkia chini, pua juu. Madharau tupu.

Kwa wale hawako rada: virtual airline ni kampuni ya ndege bila ndege. Wasee wa simuleta wanajipanga, wanaweka ratiba, wanagawana route, alafu kuna programu inakaa kwa mashine yako inakuchunga. Ulitoka saa ngapi. Ulichoma mafuta kiasi gani. Uligonga lami aje. Masaa yako yanaandikwa, na masaa ndiyo cheo. Ukidai moto zaidi unaingia VATSIM, mtandao uko hewani tangu 2001, huko ma-controller wa kuongoza ndege ni wasee wa kujitolea wamekaa kwa keja zao na headset. Halipwi mtu hata mbao. Na wako serious vibaya, usijaribu kuwaletea jokes.

Sasa shika hii hesabu, juu hakuna mtu atakuambia. Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 425 hewani. Jet inamaliza hiyo kitu dakika arobaini na kitu. Dakota, na ile speed yake ya kilomita 260, 270 kwa saa, inachukua saa moja unusu na change. Route ni moja. Tiketi ni moja. Lakini logbook yako imekula mara mbili. Msee wa Boeing anakimbia trip mbili ndio akufikie, na wewe ulikuwa umetulia tu ukiskiza injini. Si lazima ukuwe fast ndio ukuwe captain. Chanuka.

Si ati ni mteremko. Ukiachilia breki, pua bado iko juu, huoni runway mbele, unaona mawingu. Dakota inavuta upande, unaishika na miguu, polepole, hadi mkia uinuke. Ukilala kidogo inajizungusha yenyewe inaanza kuangalia penye imetoka. Hiyo ndiyo kuchoma picha, buda. Na unaichoma live, controller akiona, na foleni ya ma-Airbus nyuma yako ikiona. Alafu kumbuka Nairobi iko juu zaidi ya futi 5,300. Hewa ni nyembamba, injini inapumua kwa shida, runway inaisha mapema kuliko venye ulidhani. Wasee wa kuzoea London huku wanalia.

Ukishapaa, raha. Kili iko upande wako wa kulia, na juu wewe uko futi 9,000, huo mlima wa mita 5,895 unakuangalia kutoka juu. Msee wa jet anaupita hivi hajui hata ulikuwa hapo.

Kushuka ndio kuna siri. Cabin ya Dakota haina presha, kwa hivyo ukidive, masikio ya mapasenja wako inalipuka. Ndio, najua hawako. Ni kiti tupu na pixel. Lakini msee mwenye form anashuka futi 500 kwa dakika. Kutoka futi 9,000 hiyo ni dakika 18, so unaanza kama uko around Mackinnon Road, bado bahari hujaiona. Na throttle unaitoa kidogo kidogo. Mafala wanaikata yote mara moja, injini ikiwa moto inapoa ghafla. Kwa simuleta poa unalipia hiyo ujinga.

Alafu kuna ile sarakasi ya approach. Speed yenye 737 inatumia kutua ndiyo Dakota inatumia kwa safari. Final, wewe uko kama 165 kwa saa. Nyuma yako kuna mtoi na Boeing yake anasukuma 260, ameanza kupanic. Controller anauliza speed yako. Unamwambia. Kimya. Anauliza tena, labda hakuskia poa. Aliskia. Mtoi wa Boeing anatumwa azunguke juu ya Kilifi na wewe unakuja mos mos, unagusa lami Blue Band kabisa. Hiyo landing laini wazungu wanaiita butter. Hapa mtaani ni Blue Band, na hakuna Blue Band tamu kama ya magurudumu ya mbele ikigusa kwanza, mkia ukifuata baadaye na heshima.

Sasa doh. PMDG, wasee wa kuunda ndege za simuleta, waliachilia 777 yao ya Microsoft Flight Simulator mwaka wa 2024, bei ikiwa dola 70 na kitu. Hiyo ni ngiri tisa na kitu, msee, na rent haijalipwa. Dakota? Ilikuja bure Novemba 2022 kwa ile update ya miaka 40 ya hiyo simuleta. Bure. Lakini usidanganyike, gemu yenyewe haikuwa bure, graphics card inamanga mshahara, na hiyo dunia yote inateremka kutoka intaneti, so bundles zinayeyuka ukiangalia. Kama mfuko umelia, kuna FlightGear, haidai hata ndururu. Picha si kali sana. Wacha ikae.

Kitu moja tu: hiyo Dakota ya Microsoft inakuja design mbili, moja na dashboard ya kitambo, ingine imewekwa skrini za kisasa. Usiguse ya skrini. Dakota na GPS ni suti na pata pata.

Na sasa wazee. Mbuyu anapita nyuma ya kiti, anasema hiyo ni mchezo ya watoto, tafuta kazi. Sawa. Alafu kuna yule uncle wa kila harusi, anajifanya alikulia kwa East African Airways. Anabonga vile alipanda Super VC10. Muulize ilikuwa na injini ngapi. Anasema mbili. Zilikuwa nne, uncle, zote zimebanana mkiani. Sisi watoto wa bundles ndio tunajua hiyo kampuni ilianza 1946 na Dragon Rapide, ndege ya mbao na kitambaa, mabawa ghorofa mbili. Ikapanda Dakota, ikaingia Comet 1960, Super VC10 1966, na 1977 ikaanguka juu ya nchi tatu kushindwa kuskizana. Wazee walikuwa na shirika la ukweli wakaliua. Sisi tuko na la uongo na linatoka on time.

So rada ni hii. Paka Dakota yako rangi ya East African, uchukue ile njia ya zamani ya pwani: Nairobi, Mombasa, Tanga, Zanzibar, Dar. Landing nne, masaa kibao, bahari upande wa kushoto. Mbogi yote karibu. Wewe wa 777 pia kuja, lakini utuambie mapema, Tanga utaipark wapi?