Picha ya hela kwenye simu ya mama

Kijana anayefanya kazi Tunduma akimpelekea mama yake wa Galula simu janja, huwa anadhani kamrahisishia maisha. Kumbe kitochi cha zamani kilikuwa na vitufe, na vidole vya mama vilishakariri njia: nyota, 150, nyota, namba mbili za mtandao wake, reli. Hakusoma maandishi, alifuata namba tu. Simu mpya ina picha nyingi zilizopangana kama vyombo kabatini, na moja tu ndiyo ya hela.

Kuitambua picha si tatizo. Katika uchaguzi wa mwaka 1965, karatasi za kura Tanzania Bara zilikuwa na jembe na nyumba, na mtu asiyejua kusoma alimpata mgombea wake. Tatizo ni pale picha inapokuwa haipo mahali pake.

Kwenye baadhi ya simu za Android, aplikesheni ikishapakuliwa kutoka Play Store, ikoni yake haitokei ukurasa wa mbele. Inabaki kwenye orodha ya aplikesheni zote. Fungua orodha hiyo, bonyeza ikoni bila kuachia, iburute mpaka ukurasa wa mbele, iachie pale dole gumba la mama linapofika. Bora zaidi, mwache mama aiburute mwenyewe, hata akikosea mara nne, kwa sababu wiki ijayo ikipotea mwanawe atakuwa Tunduma.

Na itapotea, maana wajukuu wapo. Ikoni ikiondolewa ukurasa wa mbele, aplikesheni bado imo ndani ya simu, inarudishwa kwa njia ileile. Hata ikifutwa kabisa, hela haijaenda popote: salio liko kwa kampuni ya simu, kwenye laini yake, na ile njia ya nyota na namba inafanya kazi hata kwenye simu janja. Mama aambiwe hili mapema, asije akakosa usingizi.

La kuogopa ni picha iliyoletwa na mtu mwingine. Rangi na nembo ya kampuni vinaigwa kirahisi, na kiungo cha "mkopo wa haraka" kikitumwa WhatsApp kinaweza kuweka ikoni inayofanana kabisa na ile ya kweli. Aplikesheni ya hela isipakuliwe kwa kiungo cha kutumiwa, hata kama aliyekituma ni shemeji.

Nyumba nyingi hurahisisha kwa kumpa mjukuu namba ya siri ili amsaidie bibi. Siku salio likipungua baada ya kuuza mpunga, mtoto ndiye wa kwanza kushukiwa, pengine hata hakugusa. Mjukuu amwonyeshe bibi picha ilipo, basi. Kwa kuanzia, mama aangalie salio, kisha amrudishie mwanawe shilingi 1,000 kama jaribio. Namba ya siri aichague mwenyewe, na aliyenunua simu ageukie upande wa pili.